Mvinyo wetu na vifua vyetu: maneno kwa wakulima wa zabibu, Hombolo, Dodoma

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Mtendaji wetu, wazee wangu, mama zangu na vijana: mbukwenyi!

Nashukuru kwa kuitikia. Nimepewa nusu saa nizungumzie pumu na pombe, na aliyenialika alinionya mapema: "Daktari, usije ukatuharibia soko." (Mimi ni tabibu tu, ila mmeshanipandisha cheo na nimechoka kubisha.) Ndugu yangu, sikuja kuharibu soko. Hapa Hombolo ukirusha jiwe unapiga mzabibu. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, na ada za watoto na mabati ya nyumba yanatoka humo humo. Lakini miongoni mwetu tunaolima zabibu hizi, na miongoni mwa wanaokunywa kinachotoka humo, wamo wenye pumu. Hao ndio niliowajia, pamoja na wanaolala nao nyumba moja. Nataka waelewe jambo moja: kwa mwenye pumu, wakati wa kuiogopa zaidi pombe ni usiku wa manane, glasi zikiwa zimeshaoshwa na kila mtu amelala. Nitafika huko. Nianze na glasi yenyewe.

Pumu mnaijua kwa sura yake: kifua kinabana, kinapiga mluzi, mtu anahema akiwa ameshika magoti. Kinachofichika ni kwamba hata siku asiyo na dalili yoyote, njia zake za hewa zimevimba kwa ndani. Kifua hicho ni kama ngozi iliyoungua, hata upepo unaiuma. Kikiguswa na kitu kisichokipenda, misuli inayozunguka njia za hewa inakaza, uvimbe unaongezeka, makohozi mazito yanajaa. Kwa wengine kitu hicho ni vumbi, na Dodoma kuanzia Juni hadi mvua zianze vumbi hatuliombi, linakuja lenyewe. Kwa wengine ni baridi ya usiku wa Julai, moshi, mafua, manyoya ya paka. Na kwa wengine ni pombe.

Ni wangapi hao? Kule Australia Magharibi, watafiti waliwauliza watu wazima 366 wenye pumu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Theluthi moja walisema pombe imewahi kuwaamshia pumu angalau mara mbili. Na pombe iliyotajwa kuliko zote ilikuwa mvinyo. Si bia, si pombe kali. Mvinyo. Wengi walisema shida huanza upesi, kabla ya saa moja kupita. Kwa bahati nzuri, kwa walio wengi haikuwa kali sana. Naona mwenyekiti wa wakulima ananikazia macho. Vumilia kidogo, mzee wangu.

Kwa nini mvinyo? Mnaosindika wenyewe mnaujua ule unga mweupe unaotiwa ili mvinyo usichachuke wala kubadilika rangi, metabisalfaiti. Kazi yake ni nzuri na imetumika kwa miaka mingi duniani kote. Shida ni kwamba unga huo ukikutana na kimiminika chenye uchachu, hutoa gesi ya salfa, gesi ile ile inayokupiga puani ukifungua kopo lake. Mnywaji naye huivuta gesi hiyo anapokunywa. Mtu mwenye kifua kizima haoni kitu. Mwenye pumu ambaye mwili wake haupatani na salfaiti, yaani jamii ya unga huo, anaanza kukohoa kabla hajamaliza glasi. Wataalamu wanakadiria watu hao ni kama 3 hadi 10 katika kila wenye pumu 100. Mvinyo mweupe na ule mtamu kwa kawaida huwa na salfaiti nyingi kuliko mwekundu mkavu. Kule Ulaya sheria inaruhusu miligramu 150 kwa lita kwa mvinyo mwekundu mkavu, na 200 kwa mweupe. Marekani, tangu 1987, chupa yenye kuanzia miligramu 10 kwa lita ni lazima iandikwe kwamba ina salfaiti. Nanyi mnaweza kujikagulia. Kwenye karatasi ya chupa tafuteni namba kuanzia E220 hadi E228, hizo zote ni jamii ya salfa. Na msizitafute kwenye mvinyo tu. Zipo kwenye baadhi ya juisi nzito za kuchanganya na maji, na kwenye matunda yaliyokaushwa, kwa hiyo hata ndugu zetu wasiogusa pombe kabisa, na watoto, wana sababu ya kuzisoma.

Hapo kuna watakaosema: basi tatizo ni salfaiti, tuitoe, mambo yaishe. Siyo rahisi hivyo. Watafiti wale wale wa Australia waliwachukua watu 24 wenye pumu waliolalamika kwamba mvinyo unawabana, wakawapa mvinyo wenye salfaiti nyingi huku wakipima pumzi zao. Walioonyesha kubanwa kwa sababu ya salfaiti walikuwa wanne. Wanne tu! Wale ishirini waliobaki hawakuwa waongo, ila pombe ina mengine ndani yake. Mvinyo, hasa mwekundu, una histamini, ile kemikali ambayo mwili wenyewe huimwaga mtu anapopatwa na mzio. Na pombe hiyo hiyo huzuia mwili usiivunje haraka. Isitoshe, ini linapoanza kuichakata pombe hutengeneza asetaldehaidi, ambayo nayo huweza kuchochea histamini zaidi. Hii imechunguzwa sana Japani, ambako watu wengi wamezaliwa na miili inayochelewa kuiondoa asetaldehaidi: akinywa kidogo uso unakuwa mwekundu, na kama ana pumu, kifua nacho kinabana. Halafu hata mvinyo usiotiwa unga wowote hauwi bila salfaiti kabisa, kwa sababu hamira yenyewe huitengeneza kiasi wakati wa kuchacha. Kwa hiyo anayekuuzia "mvinyo wa asili, hauna dawa" akidhani kila mwenye pumu ataunywa salama, anakuahidi asichoweza kukitimiza.

Kabla sijaacha mvinyo, neno kwa wasindikaji. Kuna anayekadiria ule unga kwa kijiko, kwa jicho, ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Pimeni kwa mizani, fungueni madirisha, na kama una pumu, mwachie mwenzako kazi hiyo. Vivyo hivyo shambani, unga wa salfa mnaoupiga kuzuia ubwiri unga, ule ukungu wa mizabibu: mwenye pumu asiwe yeye wa kushika pampu, na kitambaa cha kanga puani si kinga ya kutegemea. Huyu anaweza asiguse glasi maisha yake yote na bado zabibu zikambana.

Pombe za kienyeji. Nimesikia mtu akisema ujimbi hauna neno kwa sababu ni mtama tu, na wanzuki ni asali. Ujimbi haujatiwa metabisalfaiti, hilo kweli. Lakini umechacha, una pombe, na vitu vilivyochacha vina histamini yake. Mimi kwa ujimbi ninamhurumia mpishi kuliko mnywaji. Mama anasaga kimea, vumbi lake linamwingia. Kisha anakaa na moto wa kuni kutwa nzima ndani ya kibanda kisicho na pa kupumulia, jioni anakuja kituoni anapiga mluzi, na kwenye daftari tunaandika pumu, tunampa dawa, kesho anarudi kwenye kibanda kile kile. Mama zangu, toeni jiko nje, au mtoboe ukuta upande ule upepo unakoelekea, moshi utoke. Hilo litawasaidia kuliko vidonge vyangu vingi. Na huko kilabuni nako, anayekunywa amezungukwa na sigara. Ukimuuliza kilichombana atasema pombe, naye hajui kama ni pombe au ni moshi wa jirani yake. Kifua hakijali.

Sasa kuna wazee hapa watanipinga. Watasema, daktari, mimi nikinywa pombe kali kidogo kifua kinafunguka. Siwezi kusema wanadanganya. Katika karne ya 19 kule Uingereza daktari mmoja aliyeitwa Henry Hyde Salter, ambaye mwenyewe alikuwa na pumu, aliandika kuhusu wagonjwa waliopata nafuu kwa pombe kali. Na vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba pombe tupu, isiyo na mchanganyiko, huweza kulegeza kidogo misuli ya njia za hewa. Kidogo, na kwa muda mfupi. Lakini humo ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo sana ambavyo kazi yake ni kusukuma makohozi na vumbi kwenda juu yatoke. Anayekunywa sana, kwa muda mrefu, anavifanya vichoke. Makohozi yanabaki, vijidudu vinapata makazi, na kinga ya mwili nayo imeshuka. Nimonia na kifua kikuu vinapenda sana mwili wa namna hiyo. Kwa hiyo mzee wangu, ule ufunguo wako unafungua mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi. Na gongo siitaji kama dawa ya kitu chochote. Serikali iliipiga marufuku tangu miaka ya sitini, na aliyeitengeneza hawezi kukuhakikishia kilichomo.

Nimesema nitafika kwenye usiku. Tumefika.

Pumu ina tabia ya kuzidi usiku. Hata kwa mtu asiye na ugonjwa, njia za hewa husinyaa kidogo kuelekea saa kumi alfajiri; kwa mwenye pumu kusinyaa huko ni kukubwa. Ndiyo maana nikipokea mgonjwa huwa namuuliza: "Unaamka usiku kwa kukohoa?" Akisema ndiyo, najua pumu yake haijadhibitiwa, hata kama mchana anacheza mpira. Sasa weka pombe juu ya hapo. Kwanza, pombe hulegeza ule msuli unaofunga mlango wa tumbo kwa juu. Mtu amekula nyama choma, amekunywa, amelala chali; asidi inapanda kooni, na tone likigusa njia ya hewa, kifua kinafunga. Wengi huita hiyo kiungulia na hawaihusishi na pumu. Pili, dawa. Dawa ile ya kuvuta kila siku jioni ya kutuliza uvimbe, hiyo ndiyo inayosahaulika kwanza mtu akirudi saa sita usiku, na inhela ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka, imebaki kwenye koti lililobaki baa. Tatu, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, pombe inazima kengele. Mtu asiyelewa akianza kubanwa, ubongo unamwamsha: anakaa, anatafuta dawa, anamwita mke wake. Mtu aliyelewa, ubongo umelala fofofo. Kifua kinaendelea kufunga, hewa inapungua, na yeye hajui. Akija kuamka amechelewa, au anaamka na hawezi kueleza kilichompata, na waliomzunguka wanasema kalewa, mwacheni alale.

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 pumu iliwakumba watu milioni 262 na kuua 455,000, na wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini, kama zetu. Uingereza, ambako gari la wagonjwa linakuja ukipiga simu, walikagua vifo vya pumu kimoja kimoja, na ripoti yao ya mwaka 2014 ikaonyesha asilimia 45 ya waliofariki hawakupata msaada wa kitabibu, ama hawakuuomba ama haukuwahi. Hiyo ni kwao. Hapa kwetu bodaboda inatafutwa kwanza. Mtu mwenye pumu anayelewa anajiondolea zile dakika chache alizokuwa nazo za kuomba msaada.

Mke, mume, kaka, mama, anayelala nyumba moja na mwenye pumu aliyekunywa: usimwache alale peke yake chumba cha uani. Mlalishe ubavu, kichwa kimeinuliwa kwa mito, inhela iwe pale unapoweza kuishika gizani. Ukisikia mluzi, muamshe. Akikutukana, vumilia, kesho atakuomba radhi. Na ukisikia kwamba mluzi uliokuwepo umenyamaza ghafla huku bado anahangaika kuvuta pumzi, usifurahi. Hewa haipiti tena. Huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo.

Dawa nizipitie haraka, ila kuna moja sitaipita. Katika maduka ya dawa muhimu bado kuna watu wengi wanaonunua vidonge vya aminofilini kwa pumu, kwa sababu ni bei nafuu. Aminofilini ina mpaka mwembamba sana kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru. Kunywa pombe nyingi kwa mara moja huweza kuuchelewesha mwili kuiondoa dawa hiyo hadi saa 24, nayo ikapanda kwenye damu kwa karibu asilimia 30. Kichefuchefu, moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, na kwa aliyezidisha, degedege. Yeye anadhani ni hangova, anaenda kuzimua kwa chupa nyingine. Kama unatumia vidonge hivyo, njoo tuzungumze, siku hizi kuna dawa za kuvuta zilizo salama zaidi. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu hauwaruhusu tena watu wazima kutegemea inhela ya bluu peke yake. Pawepo na ya kutuliza uvimbe. Anayetumia vidonge vya prednisoloni, navyo vya kutuliza uvimbe, ajue kwamba dawa hiyo na pombe zikikutana tumboni vidonda vinakaribishwa.

Na asubuhi kichwa kinapogonga, mkono unakwenda kwenye aspirini au diklofenaki. Baadhi ya wenye pumu, hasa walioanza ukubwani na wenye pua iliyoziba miaka yote, dawa hizo huwafunga kifua vibaya sana. Wengi wa watu hao hao ndio pombe yoyote huwasumbua pia, hata funda chache. Kama umejiona hapo, kwa maumivu tumia parasetamoli, na umwambie tabibu.

Mwambie tabibu: hapo ndipo tunapokwama wote wawili. Namuuliza mtu, unakunywa? Anajibu, "Kidogo, daktari, siku za sherehe." Mwandiko wangu unakuwa mzuri, matibabu yanakuwa mabaya. Sitamwambia mchungaji wako. Nataka kujua ni nini, kiasi gani, saa ngapi, na kifua kilifanyaje baadaye. Na kama unakunywa kila siku, ukiamka unatetemeka mpaka upate kidogo, usiache ghafla kwa sababu ya hotuba yangu. Kuacha ghafla kwa mtu wa namna hiyo kunaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa. Tuna Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, hapa mjini kwetu, na watu wakiisikia wanacheka, lakini huko wapo wataalamu wa kumsaidia mtu kuacha pombe taratibu na salama. Nitaandika barua ya rufaa mimi mwenyewe.

Nimeletewa maswali kwenye karatasi, nijibu matatu.

La kwanza, kutoka kwa mama wa kwaya: divai ya Meza ya Bwana inanikwaruza kifua, nifanyeje? Mama, tone moja kwa wengi halina shida, lakini kama wewe linakubana, mweleze padri au mchungaji wako. Kwa Wakatoliki anayepokea Mwili peke yake amepokea Komunyo kamili, na Waanglikana nao wana utaratibu huo huo kwa mwenye sababu. Hakuna atakayekuona umepungukiwa.

La pili: kipimo salama ni kipi? Shirika la Afya Duniani lilitamka mwanzoni mwa 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Kwa mwenye pumu ambaye imeshambana hata mara moja, jibu langu ni kuacha aina ile kabisa, usiijaribu tena uone. Ambaye haijawahi kumbana na pumu yake imetulia, nitamwambia kidogo, amekula, asiwe peke yake, na asinywe kabisa siku ana mafua au kifua kimeamka.

La tatu ndilo refu: akibanwa akiwa amelewa, tufanye nini? Mkalisheni, asilale. Fungueni nguo shingoni, mtoeni kwenye moshi. Msimpe maziwa, msimpe maji kwa nguvu, msimpe kahawa akiwa hawezi kumeza vizuri. Inhela ya bluu, mvuto mmoja, apumue mara tano au sita, kisha mwingine, hadi kumi. Mkono wa mlevi unatetemeka na hawezi kubonyeza na kuvuta kwa pamoja, kwa hiyo tumieni chupa. Chupa ya maji ya nusu lita: kitako chake kitobolewe tundu lenye umbo la mdomo wa inhela, iingie kwa kubana, na mgonjwa aweke midomo kwenye shingo ya chupa. Iosheni kwa maji ya sabuni na muiache ikauke yenyewe bila kuifuta. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa kama hiyo inafanya kazi vizuri kwa watoto waliobanwa. Wakati mmoja anampa dawa, mwingine anatafuta usafiri. Kama hawezi kumaliza sentensi, kama midomo imebadilika rangi, au mivuto kumi haijamsaidia, msisubiri ulevi utoke. Kwenye bodaboda akae katikati, mtu nyuma yake amshike.

Haya. Wenye inhela mifukoni zitoeni, na wenye chupa za maji msizitupe. Nimekuja na kisu na mshumaa, tutazitoboa hapa hapa, tuanze na mstari wa mbele.